Arudi na Mzazi

Habari huletwa nyumbani na mtoto mwenyewe, tena mara nyingi siku mbili baada ya kutumwa: mwalimu amesema nisirudi bila mzazi. Katika mitaa ya Buterere, kaskazini mwa Bujumbura, maneno hayo humkuta mama akijitwisha beseni la mboga kwenda sokoni, au baba aliyeshinda juani akibeba abiria kwa baiskeli. Kwenda shule saa nne asubuhi ni kupoteza chakula cha siku ile. Wengine kwa hiyo hawaendi: humchapa mtoto na kumwambia akaombe msamaha mwenyewe. Wanaokwenda huingia kwa mkuu wa shule, ambaye Bujumbura humwita direkta, wakiwa wameinamisha kichwa. Huomba radhi kwa kosa wasilolielewa vizuri, huahidi kiboko zaidi, huondoka. Wiki tatu baadaye wanaitwa tena.

Katika ziara ya namna hiyo hakuna anayejifunza kitu. Mwalimu hajajua kinachomsumbua mtoto usiku, mzazi hajajua kinachotokea darasani, na mtoto amepata shahidi mwingine kwamba ameshindikana. Kumtetea mtoto wa aina hii si kubishana na mwalimu kwamba mwanangu ni malaika. Huyo mwalimu ameshuhudia kwa macho yake mtoto akimrushia mwenzake jiwe. Utetezi ni mzazi kufika na habari ambazo shule haina, kupokea zile ambazo nyumbani hazijulikani, na kutoka na makubaliano madogo ambayo hata mwalimu mwenye darasa lililofurika anaweza kuyatekeleza.

Na madarasa yamefurika kweli. Mwaka 2005 serikali mpya ya Rais Pierre Nkurunziza ilipofuta karo ya shule ya msingi, watoto walimiminika shuleni kwa wingi kuliko vyumba, madawati na walimu waliokuwapo. Njia iliyotumika kuwameza wote ilikuwa zamu: kundi moja asubuhi, jingine alasiri, chumba kilekile. Mwaka 2013 ikaja sheria mpya ya elimu na shule ya msingi ya miaka tisa, na majengo yakabanwa zaidi. Kwenye mitaa ya kaskazini ya Bujumbura si ajabu mwalimu mmoja kusimama mbele ya watoto 80 au zaidi, wanne kwenye dawati la wawili. Humo ndani mtoto asiyeweza kukaa kitako haonekani kama mtoto mwenye shida. Anaonekana kama shida yenyewe.

Buterere ina mzigo wake wa ziada. Ni sehemu ya tambarare ya Imbo, bondeni, karibu na uwanja wa ndege wa Melchior Ndadaye, na ndiko jiji lilikoweka dampo lake na mabwawa ya kusafishia majitaka. Mvua ikinyesha sana, maji huingia nyumbani. Usiku wa kuamkia Februari 10, 2014, mafuriko yalipiga mitaa ya kaskazini, yakaua watu zaidi ya 60 na kuacha maelfu bila makazi. Wengi wa wanaoishi hapa walishawahi kukimbia kitu fulani: vita vilivyoanza 1993, machafuko ya 2015, au maji. Na dampo liko pale kila siku, na watoto wanaookota plastiki na vyuma chakavu wanajua bei yake. Kumfukuza mtoto darasani kwa siku tatu, katika mtaa kama huu, ni kumwelekeza huko. Akirudi na faranga mfukoni, adhabu imegeuka kibarua.

Kabla ya kuzungumzia tabia, mwili kwanza. Hapa ndipo mzazi ana nafasi ya kufanya kazi ambayo shule haiwezi.

Chukua malaria, ugonjwa ambao Burundi ilitangaza kuwa janga Machi 2017 na ambao bondeni hausubiri tangazo. Katika hospitali ya Mulago, Kampala, watafiti waliwafuatilia watoto waliougua malaria iliyopanda kichwani. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kwamba miaka miwili baada ya kutoka hospitali, mtoto mmoja kati ya wanne alikuwa bado na upungufu wa uwezo wa akili, hasa umakini. Kwa macho alikuwa amepona, anakimbia, anacheza mpira. Darasani alikuwa hawezi kufuata maelekezo mawili mfululizo. Mama anayekumbuka kwamba mwanawe aliugua hadi kupoteza fahamu akiwa na miaka minne, na kwamba "tangu pale amekuwa mwingine", ana habari nzito mkononi. Mwalimu wa darasa la tatu hawezi kuijua mpaka aambiwe.

Kifafa nacho kina sura zake. Watu wengi wanaijua ile ya kuanguka na kutoa povu. Ipo nyingine ya kimyakimya: mtoto anakodoa macho sekunde chache, haitiki, kisha anaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Mwalimu akiuliza swali katika sekunde hizo, jibu halipo, na kesi ya dharau imefunguliwa. Nchini Burundi, tegu wa nguruwe ni miongoni mwa visababishi vya kifafa vilivyochunguzwa na wanasayansi kwa miaka mingi. Kifafa ni maradhi yenye dawa.

Masikio pia. Mtoto ambaye sikio lake hutoa usaha kila msimu wa mvua anaweza kuwa hasikii nusu ya yanayosemwa. Kupima nyumbani si kazi: simama nyuma yake, hatua chache, mnong'oneze jina lake na umwambie kuna andazi. Mtoto mkaidi atageuka.

Halafu njaa. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa 2016–2017 ulikuta asilimia 56 ya watoto wa Burundi walio chini ya miaka mitano wamedumaa kwa kukosa lishe bora kwa muda mrefu. Watoto wale wako shuleni leo. Mtoto wa zamu ya alasiri ambaye hajala tangu jana jioni, akampiga mwenzake saa tisa, ana maelezo mafupi zaidi kuliko saikolojia yoyote.

Kuna sababu nyingine ambayo wazazi wa Burundi huishuhudia bila kuiunganisha na tabia. Miaka minne ya kwanza masomo hufundishwa kwa Kirundi. Mwaka wa tano lugha ya kufundishia inakuwa Kifaransa. Mtoto aliyekuwa akijibu maswali anaanza kuchora dawati, kuchokoza, kutoroka. Kwa familia zilizorudi kutoka Tanzania mambo yalikuwa mazito zaidi. Mwishoni mwa 2012 kambi ya Mtabila ilifungwa na watu wapatao 35,000 wakarudishwa Burundi. Na kabla yao walikuwa wamerejea wakimbizi waliokimbia mauaji ya 1972, ambao watoto na wajukuu wao walizaliwa kwenye makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu huko Tanzania, wakizungumza Kiswahili. Mtoto wa namna hiyo akiingizwa darasa la wadogo zake kwa sababu hajui Kifaransa, na Kirundi chake kinachekwa, hupigana. Hata mtu mzima angepigana.

Si kila ukorofi una ugonjwa au historia nyuma yake, na mzazi anayekuja na orodha ya visingizio huchosha kama yule anayekuja na kiboko. Lakini kiasi cha watoto wanaohangaika kweli si kidogo. Kilifi, pwani ya Kenya, timu iliyoongozwa na Symon Kariuki ilichunguza watoto 3,273 wa umri wa mwaka mmoja hadi sita na kuchapisha mwaka 2017 kwamba asilimia 13 walikuwa na matatizo ya tabia na hisia yanayostahili kuangaliwa. Degedege na kifafa vilikuwa miongoni mwa vitu vilivyoongeza hatari. Kilifi si Buterere. Hata hivyo, mwalimu mwenye watoto 80 akiambiwa ana kumi wa namna hiyo darasani, yamkini ataanza kuwataja majina papo hapo.

Jibu la kawaida kwa hao kumi ni fimbo, au kupiga magoti kwenye changarawe. Tanzania, ambako kanuni bado zinaruhusu viboko shuleni kwa masharti, ilipata tukio ambalo halijasahaulika. Agosti 2018, mwanafunzi wa miaka 13 wa Shule ya Msingi Kibeta, Bukoba, alifariki baada ya kupigwa na mwalimu kwa tuhuma ya kuiba mkoba. Ikaja kuelezwa kwamba mkoba ulisahauliwa kwenye pikipiki. Mwaka uliofuata mahakama ilimhukumu mwalimu huyo kunyongwa. Watu walijadili hukumu kwa kirefu. Lililojadiliwa kidogo ni jinsi safari ile ilivyoanzia mahali pa kawaida kabisa: mtoto ametajwa, ukweli haujaulizwa, mkono umeinuka.

Kwamba walimu wanaweza kubadilika, Uganda imeonyesha kwa hesabu. Shirika la Raising Voices la Kampala lilitengeneza mpango wa shule njema unaowashirikisha walimu, wanafunzi na uongozi kutafuta adhabu zisizoumiza na namna ya kusifu watoto. Ukapimwa katika shule 42 za msingi wilayani Luwero, nusu zikiutumia na nusu zikisubiri. Matokeo yalitoka mwaka 2015 katika jarida la Lancet Global Health: baada ya miezi 18, wanafunzi waliosema wamepigwa na mfanyakazi wa shule katika wiki iliyotangulia walikuwa asilimia 31 kwenye shule zenye mpango, na karibu asilimia 49 kwenye shule nyingine. Asilimia 31 bado ni aibu. Lakini walimu wa Luwero walikuwa na madarasa yaleyale yaliyojaa na mshahara uleule mdogo, na mkono ulipungua.

Sasa turudi kwa mzazi aliyeitwa. Silaha yake kubwa ni daftari la mazoezi la kurasa 48, na kama hajui kuandika, mtoto mkubwa wa jirani atamwandikia.

Tumchukulie mama mmoja wa Kiyange, Buterere. Ni mama wa kubuni, lakini hali yake haikubuniwa. Mwanawe yuko mwaka wa nne, ameitiwa mzazi kwa kupigana. Kabla ya kwenda, anaandika kwa wiki mbili vitu vitatu tu kila siku: kilichotangulia, kilichotokea, kilichofuata. Haandiki "alikuwa mjinga" wala "shetani alimpanda". Anaandika: Jumanne, hakula mchana, zamu ya alasiri, amempiga mdogo wake alipomnyang'anya kalamu, tulimfokea, akatoka nje hadi giza. Alhamisi, mvua usiku, maji yaliingia, hatukulala. Shuleni amepigana foleni ya kuingia. Ijumaa, alikula viazi na maharage, akasaidia kubeba maji, hakukuwa na neno.

Baada ya siku kumi na nne ukurasa unaanza kusema. Ugomvi mwingi uko kwenye siku za njaa na siku za kukosa usingizi. Karibu wote hutokea penye msongamano: foleni, mlangoni, bombani. Na mara nyingi kinachofuata ni kutolewa nje, yaani kuondolewa pale ambapo alikuwa hapataki. Hilo la mwisho huwashangaza wazazi na walimu kwa pamoja. Mtoto asiyeweza kusoma ubaoni akigundua kwamba ngumi moja inamtoa kwenye somo la kusoma, ngumi itarudi kila somo la kusoma. Haihitaji awe na hila; inatosha kwamba ilifanya kazi mara ya kwanza.

Daftari hilo linabadilisha mazungumzo. Mama haendi tena kuomba radhi tu, ingawa radhi kwa mtoto aliyeumizwa ni lazima itolewe, tena kwanza, na ikibidi kwa mzazi wa mtoto yule. Kisha anauliza swali ambalo walimu hawalitarajii: "Mwalimu, ni wakati gani anatulia?" Mwalimu aliyekuja na orodha ya makosa analazimika kufikiri. Kwenye hesabu anatulia, atasema. Akipewa kazi ya kufuta ubao anatulia. Siku ile alipokaa mbele alitulia. Tayari nusu ya mpango imepatikana, na imetoka kinywani mwa mwalimu mwenyewe, ambaye kwa hiyo hataona ameletewa amri na mtu wa nje.

Adabu ina kazi yake hapa, na ni kazi ya mkakati kabisa. Direkta asalimiwe, aulizwe habari za kazi, apewe nafasi ya kumaliza malalamiko yake bila kukatizwa. Mwalimu asiumbuliwe mbele ya mkubwa wake; afadhali aonwe peke yake kwanza, baada ya zamu. Mama akiogopa kwenda mwenyewe, aende na shangazi wa mtoto au jirani anayeheshimika, si kwa vita bali kwa kusikiliza: watu wawili hukumbuka maneno vizuri zaidi. Baba, kama yupo, aende pia. Shule nyingi hubadilisha sauti zinapoona wazazi wote wawili, jambo lisilo la haki kwa akina mama wanaolea peke yao, lakini ndivyo lilivyo.

Maombi yawe machache. Mzazi akiomba mambo tisa hatapata hata moja. Kwa mtoto wa mfano huu matatu yangetosha: akae mbele, mbali na mlango; apewe kazi ya kusambaza chaki au kufuta ubao wakati wenzake wanapanga foleni, ili asiwe kwenye msongamano; akikosea asitolewe nje ya darasa bali abaki na aendelee na kazi, na adhabu iwe kurekebisha alichoharibu. Kama zamu ya alasiri ndiyo inayomkuta na njaa, liombwe la nne, kuhamishiwa asubuhi. Hakuna ombi hapo linalodai faranga, chumba au mwalimu wa pili. Upande wa nyumbani nao utoe ahadi: atalala mapema, hatapelekwa dampo kabla ya shule, atapimwa masikio na damu katika kituo cha afya, na daftari litaendelea kuandikwa.

Yote yaandikwe. Karatasi moja, tarehe, majina, saini ya mwalimu na ya mzazi au dole gumba lake, na siku ya kukutana tena baada ya mwezi. Bila tarehe ya pili, mkutano wa kwanza huyeyuka. Na baada ya mwezi, maswali yawe ya hesabu: ugomvi mara ngapi, kutoka mara ngapi? Mtoto aliyekuwa akipigana kila siku na sasa anapigana mara mbili kwa wiki bado anapigana, na mwalimu aliyechoka atasema hakuna kilichobadilika. Daftari linasema kimebadilika zaidi ya nusu.

Kuna mahali ambako haya yote hayafanyi kazi, kwa sababu direkta amekwishaamua: mtoto aondoke. Hapo inafaa kujua ngazi inayofuata. Juu ya shule kuna ofisi ya elimu ya komuni, inayojulikana kwa kifupi chake cha Kifaransa, DCE. Kwa Buterere ni ya komuni ya Ntahangwa. Juu yake iko ya mkoa. Kamati ya wazazi ya shule inaweza kuombwa kukaa kati. Masuala ya kupigwa na kuteswa yana mlango mwingine, ofisi ya komuni ya maendeleo ya familia na jamii, CDFC, pamoja na kamati za ulinzi wa watoto mitaani.

Sheria iko upande wa mtoto kuliko wengi wanavyodhani. Burundi iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1990, na kifungu chake cha 28 kinataka nidhamu ya shule iheshimu utu wa mtoto. Mwaka 2014 iliridhia mkataba wa kimataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ambao hauhesabu miguu na macho pekee bali na ulemavu wa akili pia, na unakataza kumtenga mtoto na elimu ya msingi kwa sababu hiyo. Sheria ya nchi yenyewe ya haki za watu wenye ulemavu ilitiwa saini Januari 10, 2018. Kwa mtoto mwenye kifafa au aliyebaki na madhara ya malaria, hizi ni karatasi zenye uzito. Kwa mtoto ambaye ni mkorofi tu bila jina la kitabibu zinasaidia kidogo, na hapo ndipo cheti cha daktari kinapokuwa na thamani ya pekee.

Kwa wakazi wa Buterere cheti hicho hakiko mbali. Kamenge, mtaa wa jirani, kuna kituo cha magonjwa ya akili na mishipa ya fahamu, CNPK, kinachoendeshwa na watawa wa shirika la Frères de la Charité. Wazazi wengi hukikwepa kwa sababu ya sifa yake: kwenda Kamenge, kwa lugha ya mtaani, ni kuwa na wazimu. Ndipo hata hivyo mahali ambako mtoto mwenye kifafa cha kimyakimya anaweza kutambuliwa na kuanzishiwa dawa. Aibu hiyo huwagharimu watoto miaka. Mjini Bujumbura kipo pia Akamuri, kituo cha watoto wenye ulemavu wa akili, ingawa mtoto mwenye tabia ngumu tu hapaswi kupelekwa huko ili shule ya kawaida ipumue. Kenya ilianza mwaka 1984 kufungua vituo vya kuwapima watoto na kushauri wawekwe shule gani, ili uamuzi usibaki mikononi mwa mwalimu mmoja aliyekasirika. Mrundi wa kawaida hana huduma kama hiyo mtaani kwake. Anaunganisha mwenyewe kituo cha afya, Kamenge na direkta, kwa miguu.

Ikumbukwe kwamba baadhi ya Warundi wamewahi kuketi kwenye mikutano ya aina nyingine kabisa. Kuanzia 2007 Marekani ilipokea maelfu ya wakimbizi wa 1972 kutoka kambi za Tanzania, watu waliozoea Kirundi na Kiswahili. Huko, mtoto mwenye ulemavu akikosea, shule haiwezi kumwondoa kwa zaidi ya siku kumi bila kwanza kuketi na mzazi na kujibu swali moja: je, kosa hili limetokana na ulemavu wake? Likiwa limetokana nao, kwa kawaida anarudi darasani na mpango wake unarekebishwa. Mzazi asiyejua Kiingereza huletewa mkalimani. Utaratibu ule una fedha na wanasheria nyuma yake, na hata huko wazazi wapya huusaini bila kuuelewa. Lakini swali lenyewe halina gharama. Direkta wa Buterere anaweza kuulizwa kwa heshima ileile: je, tumejua kinacholeta hili kabla ya kumwondoa?

Kuhusu mpango wa kuwasaidia watoto wengi kwa pamoja, Burundi ina funzo lake, na si funzo rahisi. Shirika la HealthNet TPO liliendesha shuleni vikao 15 vya michezo, maigizo na mazungumzo kwa watoto walioathirika na vita. Utafiti wa watoto 329, uliochapishwa mwaka 2014 na Wietse Tol na wenzake, ulikuta kwamba kwa jumla vikao havikuleta tofauti kubwa. Ila walipochambua, watoto wanaoishi na wazazi wote wawili na wale wa kaya kubwa walipata nafuu ya huzuni, huku waliohamishiwa makazi mapya wakipungukiwa na matumaini. Shule peke yake haikutosha. Kilichowezesha msaada kushika, kwa kiasi kikubwa, kilikuwa nani anamsubiri mtoto nyumbani.

Hilo linamrudisha mzazi katikati, pamoja na mzigo wake. Wengi wa watoto wanaoitwa walioshindikana wanalelewa na bibi, na shangazi, na dada wa miaka kumi na saba. Shule inayoandika "aje na mzazi" inapaswa kukubali aliyepo, imkalishe kwenye kiti, na imwambie mambo kama ingemwambia baba. Mahali ambapo wazazi watatu au wanne wenye watoto wa aina hii wamefahamiana, huduma ndogo huzaliwa: mmoja anapeleka watoto wote Kamenge siku ya miadi, mwingine anabaki na wadogo, wa tatu anajua kusoma barua ya Kifaransa.

Kisha inakuja Septemba. Mtoto amepanda darasa, mwalimu ni mwingine, na karatasi ya makubaliano imebaki kwenye kabati la mwalimu wa zamani, au imefungiwa karanga. Mwalimu mpya anasikia jina la mtoto kwenye ukumbi wa walimu kabla hajamwona. Mama mwenye nakala yake nyumbani afike wiki ya kwanza, kabla ya ugomvi wowote na kabla hajaitwa, aseme jina la mwanawe, anakopenda kukaa na kazi anayoiweza, aonyeshe karatasi ya mwaka uliopita yenye saini, na aulize mwalimu angependa kukutana siku gani ya mwezi.